Family First ya Australia: chama cha "familia" kilichoishi kwa viti vichache, na Mkenya aliyekataa kuhamishwa nacho

Mtanga_wa_Kusini (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi usiku.

Naishi Adelaide, jimbo la Australia Kusini, tangu 2008. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye makao. Juzi kwenye harusi ya ndugu zetu Wakongo huku Salisbury, kijana mmoja aliyepata uraia majuzi alinishika mkono akaniuliza: "Mzee, hawa Family First ni watu gani? Wanasema wanatetea familia. Niwape kura?" Nikajaribu kumjibu kabla wali haujapoa, nikashindwa. Kwa hiyo namjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Jina la chama ni "Familia Kwanza". Kilianzishwa hapahapa Adelaide mwaka 2001 na mchungaji Andrew Evans, aliyeongoza kanisa kubwa la kipentekoste la Paradise kwa takriban miaka 30, na kwa miaka mingi akawa kiongozi mkuu wa Assemblies of God nchini. Chenyewe kilisisitiza kwamba si chama cha kanisa, ila wengi wa waliokibeba walitoka kwenye viti vya kanisa. Misimamo yake mnaikisia: ndoa ni ya mume na mke, kupinga utoaji mimba, kupinga kifo cha hiari. Juu ya hapo waliongeza vitu vya mwananchi wa kawaida, kama bei ya petroli, mikopo ya nyumba na saa za kazi.

Februari 2002 Evans aliingia baraza la juu la jimbo kwa asilimia 4 tu ya kura. Oktoba 2004 Steve Fielding akapata kiti cha Seneti ya taifa kutoka Victoria kwa asilimia 1.88. Kiwango cha kupata kiti kilikuwa asilimia 14.3. Chama cha Kijani jimbo hilohilo kilipata karibu asilimia 9 na mgombea wake akabaki nje.

Hapo ndipo watu wa kwetu hushtuka na kusema kura zimeibwa. Hazikuibwa. Huku unapanga vyama kwa namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Chaguo lako la kwanza likishatolewa, kura yako haifi, inahamia kwa anayefuata. Tangu 1984 hadi 2016 kulikuwa na njia ya mkato kwenye Seneti: unaandika 1 kwenye chama kimoja juu ya mstari (juu ya mstari wa karatasi ni vyama, chini yake ni wagombea mmoja mmoja), na safari yote iliyobaki ya kura yako inafuata orodha ambayo chama kilishaiwasilisha tume ya uchaguzi kabla ya siku ya kura. Vyama vikakaa chini vikapangana. Mwaka 2004 Labor ya Victoria, tawi la chama kikubwa cha mrengo wa kushoto, iliwaweka Family First mbele ya Kijani, kwa hesabu zao wenyewe. Mtu aliyempigia Labor akidhani kura yake itaishia mrengo wa kushoto, kura ikalala kwa Fielding.

Mimi kura yangu ya kwanza niliipiga Septemba 2013, kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Foleni inapita kando ya jiko la soseji, wazazi wanachangisha pesa za shule. Mama mmoja mzee mwenye kofia ya majani alinipa kikaratasi cha Family First kinachoonyesha namna ya kujaza. Aliniuliza nina watoto wangapi, nikamwambia watatu, akasema "basi sisi ni wako". Ndani nikakutana na karatasi ya Seneti. Haikuenea kwenye kibanda. Niliikunja upande mmoja ili niandike upande wa pili, na penseli imefungwa kwa kamba fupi. New South Wales mwaka ule walikuwa na wagombea 110, karatasi imepita mita moja, tume ikagawa vioo vya kukuzia maandishi. Niliandika 1 juu ya mstari nikatoka. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba nilikuwa nimeweka saini kwenye barua ambayo sikuisoma.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, familia. Naleta watu watatu wa chama hikihiki, ninyi mpime.

Fielding. Alizaliwa kwenye nyumba ya watoto 16. Aliapa kuwa sauti ya familia, na Desemba 2005 akapata wiki ya kuonyesha. Tarehe 2 Desemba serikali ya waziri mkuu John Howard ilipitisha sheria mpya ya kazi, WorkChoices, iliyompa mwajiri nguvu ya kumpangia mtu mkataba wake peke yake, mpaka malipo ya ziada ya mwisho wa wiki na sikukuu yakaweza kuondolewa. Fielding alipinga. Hoja yake ilikuwa rahisi: baba na mama wasio na Jumapili pamoja hawana familia ya kutetea. Alishindwa, 35 kwa 33. Wiki moja baadaye, tarehe 9, serikali hiyohiyo ilitaka kufuta ada ya lazima ya vyama vya wanafunzi vyuoni. Barnaby Joyce, mtu wao wenyewe, aliwakatalia. Fielding akaunga mkono, na kura yake ndiyo iliyopitisha. Wanafunzi hawakumsamehe.

Wa pili ni Bob Day, tajiri wa ujenzi wa nyumba, aliyetoka chama cha Liberal, kile kikubwa cha mrengo wa kulia, akashinda useneta wa jimbo letu 2013 kwa asilimia 3.76. Kauli mbiu yake: kila familia iwe na kazi na nyumba. Lakini yeye aliona dawa ya kazi ni kulegeza sheria za mishahara, kijana asiye na ajira aruhusiwe kukubali malipo yaliyo chini ya kima kilichowekwa. Jina la chama ni lilelile la Fielding. Kwa miaka minane tu, "kutetea familia" kumetoka kwenye kulinda malipo ya Jumapili kumefika kwenye kumruhusu mtoto wa familia afanye kazi kwa pungufu.

Wa tatu nitarudi kwake, maana ni dada yetu kutoka Nyeri.

---

Bi_Rehema_Salisbury

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi nasali kanisa la Waswahili huku kaskazini, na hiki chama nimekipigia kura zaidi ya mara moja. Sitaki watu wa humu watuone kama kundi la kondoo.

Nilikuja na watoto wanne kutoka kambi ya Nyarugusu. Mwaka wa kwanza mwanangu alirudi na barua ya shule, siwezi kuisoma, yeye ndiye ananitafsiria mimi mama yake. Ukikaa katika hali hiyo unajiona huna mamlaka nyumbani mwako. Halafu anakuja mtu mlangoni, mtu wa siasa, anasema mzazi ndiye wa kwanza, serikali ni ya pili. Hakuna chama kingine kilichogonga mlango wangu. Hilo liandikwe pia.

---

Mtanga_wa_Kusini

Dada Rehema, limeandikwa, na nakushukuru. Sikutaka kuwadharau. Nakuongezea jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote chama hiki kilichowahi kufanya, na wapiga kura wake wengi hawalijui.

Jimbo hili lilikuwa na sheria ya zamani: kosa la kingono lazima lifunguliwe mashtaka ndani ya miaka mitatu. Sheria ilifutwa miaka ya 80, lakini haikugusa ya nyuma. Maana yake, mtu aliyemnajisi mtoto kabla ya tarehe 1 Desemba 1982 alikuwa salama maisha yake yote. Hata akiri, hashtakiwi. Mchungaji Evans, mbunge mmoja wa chama kimoja, alileta muswada binafsi, na mwaka 2003 ukapita. Kinga ile ikaondoka.

Kazini nimemhudumia mzee mmoja aliyelelewa kwenye taasisi ya watoto enzi hizo. Sitasema ni ipi. Usiku hakulala na taa imezimwa, kamwe. Siku moja namkata kucha za miguu, akaniambia bila mimi kumuuliza: "Nilikuwa na miaka 58 nilipoingia kituo cha polisi mara ya kwanza. Kabla ya hapo waliniambia nisijisumbue." Nikaendelea kukata kucha kwa sababu sikujua la kumjibu. Nilirudi nyumbani nikatafuta ni kitu gani kilibadilika, ndipo nikakuta jina la Evans.

Kwa hiyo mtu akiniambia chama kidogo ni kupoteza kura, simkubalii haraka.

---

Mchambuzi_Ilala

Mkuu uzi umeshiba. Swali: kwa nini kwetu hatuna kitu kama hiki? Watu wa maadili wapo tele.

---

Mtanga_wa_Kusini

Sababu ya kwanza ni sheria. Tanzania chama hakisajiliwi kikiwa na lengo la kuendeleza dini, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 91, inakataza chama kujengwa juu ya dini, lugha, kabila au eneo. Chama chenye jina la familia tu kinaweza kupita, ila msajili atakitazama kwa jicho kali.

Sababu ya pili ni hesabu. Kwetu jimbo ni la anayeongoza. Asilimia 1.88 inakupa pole tu. Hata viti maalum vinataka chama kifikishe asilimia 5 ya kura za wabunge. Fielding angegombea Muheza, jina lake lisingefika hata magazetini.

---

Wanjiru_wa_Tetu

Salamu kutoka Nyeri. Mleta uzi umetuahidi Lucy Gichuhi, usituache njiani. Huku habari yake tuliisikia kwa redio, wazee wakawa wanauliza "huyo ni wa nyumba gani?"

---

Mtanga_wa_Kusini

Dada, nakuja.

Bob Day alirudishwa Seneti 2016, mabunge yote mawili yalipovunjwa na viti vyote 12 vya jimbo vikagombewa kwa mkupuo. Njia ya mkato ilikuwa imeshafutwa Machi mwaka huo. Alipata asilimia 2.87. Namba mbili kwenye orodha yake alikuwa Lucy Muringo Gichuhi, mhasibu aliyesomea pia sheria hapa Adelaide, aliyefika 1999 na mumewe na mabinti watatu. Namba mbili wa chama cha asilimia tatu hupewa nafasi kwa heshima. Hakuna aliyetegemea kwamba atapanda.

Kisha kampuni za ujenzi za Day zikafilisika. Mamia ya nyumba zikabaki nusu katika majimbo kadhaa, watu wameshalipa, kuta zimesimama, bati hakuna. Sikilizeni vizuri: kauli mbiu ilikuwa kazi na nyumba kwa kila familia. Simcheki. Alijiuzulu tarehe 1 Novemba 2016. Lakini kukaibuka jambo la pili: ofisi yake ya useneta, iliyolipiwa kodi na serikali, ilikuwa kwenye jengo alilokuwa na maslahi nalo kwa njia ya kuzunguka. Aprili 2017 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kwao ndiyo ya mwisho, ilisema hakuwa na sifa ya kuchaguliwa tangu mwanzo. Kura zikahesabiwa upya bila yeye, kiti kikaenda kwa Lucy. Akawa mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika nyeusi kukaa katika Bunge la Australia.

Siku zilezile, mwisho wa Aprili, viongozi wa Family First walikubaliana kukivunja chama na kukiunganisha na chama kipya cha seneta Cory Bernardi, Australian Conservatives. Wabunge wao wawili wa jimbo, Dennis Hood na Robert Brokenshire, wakahama nacho. Kila mtu alichukulia Lucy naye yumo kwenye mzigo. Akakataa. Aliapishwa Mei akakaa kama seneta huru.

Mimi siku ile nilikuwa chumba cha chai kazini, redio inaongea, wenzangu Waaustralia wanashangaa huyu mama anajiamini nini. Nikawaambia, kwetu mtu aliyeolewa haozwi tena na mashemeji bila kuulizwa.

---

Wanjiru_wa_Tetu

Asante. Lakini tuseme yote. Alipigwa vita ya uraia hata kabla hajaapishwa, eti huenda bado ni Mkenya, na katiba yao hairuhusu raia wa nchi mbili bungeni. Wasichojua ni kwamba katiba yetu ya zamani ilikunyang'anya uraia ukichukua wa nchi nyingine ukiwa mtu mzima. Yeye aliapa Australia 2001. Hii ya 2010 inakurudishia, lakini mpaka uombe mwenyewe. Sheria iliyowaliza wenzetu wengi walio nje ndiyo iliyomwokoa.

Na mabaya yake pia tuyataje. 2018 alihojiwa na televisheni ya huku akasema dola 200,000 kwa mwaka si pesa nyingi. Watu wakaumia, huku na huko. Na zile nauli za ndege za jamaa zake kwenda sherehe yake ya kuzaliwa, zilizolipwa na umma, akazirudisha.

---

Mtanga_wa_Kusini

Kweli tupu, na nauli ile iliniuma kuliko kauli ya mshahara. Ndiyo familia iliyowekwa kwanza mahali pasipostahili.

Mwisho wake ulikuwa mfupi. Februari 2018 aliingia chama tawala cha Liberal. Miezi michache tu baadaye wakapanga orodha ya jimbo, wakamweka namba nne. Namba nne kwa hesabu za hapa ni kama kuambiwa kwaheri. Mei 2019 akakosa. Waliomhitaji kwa kura yake hawakumhitaji kwa sura yake, na hilo nalisema nikiwa na hakika nalo, ingawa ni maoni yangu.

---

Dereva_Kahama

Kwa hiyo chama kimekufa au kipo? Yule kijana wa harusi aliambiwa na nani tena?

---

Mtanga_wa_Kusini

Kipo, kwa jina lilelile na watu wengine. Mwaka 2021 jimbo letu lilipitisha sheria mpya ya utoaji mimba na ile ya kifo cha hiari. Mwaka huohuo Jack Snelling na Tom Kenyon wakafufua Family First. Na hawa si wachungaji wala Liberal: wote wawili wamewahi kuwa mawaziri wa serikali ya Labor ya jimbo. Walisema chama chao cha zamani hakina tena nafasi kwa watu wa imani. Machi 2022 walipata karibu asilimia 3 na hawakuambulia kiti. Kiti kikaenda kwa chama cha One Nation.

Hilo la One Nation lina maana kwetu sisi tuliotoka nje. Zamani kura ya mtu mwenye hasira na mabadiliko ya dunia, hapa Adelaide, ilikuwa inalala Family First, kwenye chama ambacho dada yetu kutoka Nyeri aliweza kuwa namba mbili. Sasa inalala kwa watu wanaosema wahamiaji wamezidi. Siyo kila kura ya kihafidhina ni sawa na nyingine, na mwanaharakati asiyeona tofauti hiyo anatuumiza sisi.

---

Mchambuzi_Ilala

Hapo umenigusa. Lakini mkuu, hujamjibu kijana. Ampe kura au asimpe?

---

Mtanga_wa_Kusini

Nimeshampigia simu jana. Nilimwambia hivi: usiulize wanasema nini kuhusu ndoa, maana hilo limeandikwa kwenye kikaratasi na wote watakujibu sawa. Wewe unaosha magari usiku, mkeo yuko kiwanda cha kuku asubuhi, mnapishana mlangoni mkikabidhiana mtoto amelala. Muulize mgombea wao: malipo ya ziada ya Jumapili, utayalinda au utayaacha yaende? Fielding alilijibu hilo mwaka 2005 kwa kura, na Day alikuwa upande mwingine kabisa. Huyu wa leo hujui yuko wapi mpaka umuulize. Halafu usiandike 1 peke yake ukatoka kama nilivyofanya mimi. Juu ya mstari siku hizi unatakiwa kupanga angalau vyama sita, na kura inakwenda unakoielekeza wewe. Kaa na karatasi, hakuna anayekukimbiza.

Akaniuliza kama faini ya kutopiga kura ni kweli. Ni kweli, dola 20 kwa uchaguzi wa taifa.

---

Bi_Rehema_Salisbury

Kaka, Jumamosi ile walikuja watu wao kanisani kwetu baada ya ibada ya vijana, wakaacha vikaratasi mezani karibu na chai. Nimekisoma chote sasa hivi, mbele na nyuma. Familia imetajwa mara nyingi. Jumapili haimo.

Nimeweka kikaratasi kwenye mkoba. Wakirudi nitamuuliza mwenyewe, na nitakuja kuandika hapa alichonijibu.

---

Mtanga_wa_Kusini

Nakusubiri dada. Mimi naingia zamu ya usiku, waliouliza faragha nitawajibu asubuhi.